Je, Wajua? Gari Lenye Mbio Linakunywa Kiasi Gani

Gari la spoti likiegeshwa mtaani, swali la kwanza la watu ni linakimbia kiasi gani. La pili huulizwa kwa sauti ya chini: na mafuta je, linakula vipi? Mimi hilo la pili ndilo linalonisisimua zaidi, kwa sababu majibu yake yamejaa vituko. Haya hapa ninayoyapenda kuliko yote. Hesabu nimezigeuza ziwe kilomita kwa lita, kama tunavyohesabu wenyewe tukiwa sheli.

Lita 100 kwa dakika 12

Bugatti Veyron, lililoanza kuuzwa mwaka 2005, likikanyagwa hadi mwisho wa kasi yake, zaidi ya kilomita 400 kwa saa, humaliza tangi la lita 100 kwa dakika 12 hivi. Kwa dakika hizo lingekuwa limekwenda kilomita 80. Yaani lingetoka Moshi limejaa, likaingia Arusha tangi kavu. Ni chini ya kilomita moja kwa lita!

Injini yake ina silinda 16, turbo 4 na nguvu za farasi 1,001, na ili isijichome yenyewe, limefungwa rejeta 10. Tairi zake nazo zilikadiriwa kudumu kama dakika 15 kwa kasi hiyo. Kwa hiyo mafuta yanakwisha kwanza, tairi zinafuata.

Ukizidisha mwendo mara mbili, hewa inakupinga mara nne

Na nguvu inayotakiwa kuishinda hewa hiyo inapanda mara nane. Hapo ndipo mafuta ya Veyron yanapokwenda. Kufika kilomita 250 kwa saa, gari hilo linahitaji takriban farasi 270 tu. Farasi wengine zaidi ya 700 wapo kwa ajili ya kilomita 150 za mwisho basi.

Sheria hiyo haimhurumii mtu yeyote, hata mwenye gari dogo la familia. Ukitoka kilomita 80 kwa saa ukapanda hadi 120, upinzani wa hewa unakuwa zaidi ya mara mbili ya ulivyokuwa. Dereva anayeshangaa kwa nini safari ya mkoani imemla mafuta kuliko wiki iliyopita, aanze kwa kukumbuka mshale wa dashibodi ulikuwa umesimama wapi.

Siku Prius liliposhindwa na BMW

Mwaka 2008 kipindi cha televisheni cha Uingereza kiitwacho Top Gear kiliingiza Toyota Prius kwenye uwanja wake wa majaribio. Likakanyagwa bila huruma kwa mizunguko 10. Nyuma yake ikafuata BMW M3 yenye silinda 8 na nguvu za farasi zaidi ya 400, na kazi yake ilikuwa moja tu: isiachwe. Mafuta yalipopimwa, Prius, gari linalosifiwa dunia nzima kwa kunusa mafuta, lilikuwa limepata takriban kilomita 6.1 kwa kila lita. M3 ilikuwa imepata 6.9!

Wape mtoto na baba yake ndoo moja moja ya maji wapande nazo mlima. Mtoto atafika anahema, baba atafika anapiga soga. Prius siku ile lilikuwa limefika mwisho wa pumzi zake muda wote, na M3 ilikuwa inatembea tu. Injini inayolazimishwa kutoa kila ilicho nacho huwa haina muda wa kubana matumizi. Ukiyarudisha magari hayo mawili kwenye foleni ya mjini, Prius linashinda tena, na kwa mbali sana, kwa sababu kwenye foleni huzima injini yake na kujivuta kwa umeme. Mashine zilikuwa zilezile. Kilichogeuza matokeo ni mguu wa dereva.

cc 1,308 zinakunywa kuliko cc 6,162

Tukinunua gari, wengi wetu swali la kwanza ni cc ngapi. Sasa tazama hili. Mazda RX-8 ina injini ya cc 1,308, ndogo kuliko ya magari mengi tunayoyaona yakibeba abiria mjini. Chevrolet Corvette la mwaka 2014 lina cc 6,162. Katika vipimo rasmi vya serikali ya Marekani, yote mawili yakiwa na gia za mkono, RX-8 inapata takriban kilomita 9 kwa lita kwenye barabara kuu, na Corvette inapata 12.

RX-8 haina pistoni kabisa. Inatumia injini ya rotari: ndani yake kuna vipande viwili vya pembetatu vinavyozunguka. Kwa kila mzunguko wa mhimili wake, injini hiyo huvuta hewa na mafuta kama ambavyo injini ya kawaida ya lita 2.6 ingevuta, kwa hiyo ile namba ya cc inaficha mengi. Isitoshe, chumba chake cha kuchomea ni kirefu na chembamba, joto linapotea kwenye kuta na mafuta mengine yanatoka bila kuungua vizuri. Pamoja na hayo, Mazda yenye rotari nne ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1991. Kiu haikuizuia kuwa na mbio.

Silinda nne zinaamka, nne zinalala

Siri moja ya Corvette hilo ni kwamba dereva akitulia, kompyuta huzifunga valvu za silinda 4 kati ya 8, na gari linaendelea na safari kwa nusu ya injini. Ukikanyaga, zote nane zinarudi kazini kabla hujamaliza kupumua.

Wazo lenyewe ni la zamani. Cadillac waliliuza mwaka 1981 katika injini iliyoweza kutumia silinda 8, 6 au 4, lakini kompyuta za wakati ule zilikuwa nzito za kufikiri, gari likawa linashtukashtuka, na wenye magari wengi wakaamua kuukata mfumo huo wabaki na silinda zao zote 8.

Kutoka gia ya kwanza kwenda ya nne, upende usipende

Tangu mwaka 1989, Corvette za gia za mkono zilifungwa kifaa cha ajabu kidogo. Ukiondoka polepole ukiwa gia ya kwanza na ukataka kuingiza ya pili, mkono wa gia unazuiwa, unasukumwa uende moja kwa moja kwenye ya nne. Ukiondoka kwa fujo, kifaa kinakuacha ufanye utakalo.

Yote hayo yalifanywa kwa sababu ya kodi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1978 inalitoza gari jipya lisilofikisha takriban kilomita 9.6 kwa lita katika kipimo cha serikali, na gari lenye kiu kupita yote, lisilofika 5.3, hulipiwa dola 7,700. Kuruka gia mbili kwenye kipimo kuliokoa mafuta ya kutosha kulivusha Corvette salama. Hapa lipo jambo linaloniudhi kwa dhati: kodi hiyo haiyagusi malori madogo ya pikapu wala magari makubwa ya familia, ambayo ndiyo yaliyojaa barabarani kule.

Kati ya lita 10, saba au zaidi hazisukumi gari

Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba ni asilimia 12 hadi 30 tu ya nishati iliyomo kwenye petroli inayofika kwenye magurudumu, kutegemea gari na barabara. Sehemu kubwa ya iliyobaki inatoka kama joto, kupitia rejeta na ekzosi. Ndiyo maana gari lenye nguvu nyingi lina midomo mikubwa ya hewa pale mbele: linahangaika kutupa joto ambalo mwenyewe amelilipia.

Petroli inayomwagwa ili ipooze

Injini ya petroli inapotembea kwa utulivu, huchanganya gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta, na vyote vinaungua barabara. Lakini injini ya turbo ikikanyagwa mpaka chini, kompyuta huongeza mafuta kupita kiasi hicho kwa makusudi. Mafuta ya ziada hayapati hewa ya kuungua nayo. Kazi yake ni kuvukizwa na kupoza vyumba vya moto, turbo na ekzosi visiyeyuke. Tafakari hilo: petroli ya bei kama ile inafanya kazi ya maji.

BMW walijiuliza swali la wazi, kwa nini basi wasitumie maji yenyewe? Gari lao la M4 GTS la mwaka 2016, lenye farasi 500, lina tangi la maji nyuma, na hunyunyiza ukungu wa maji kwenye hewa inayoingia kwenye injini. Lakini hata hao walikuwa na watangulizi. Oldsmobile Jetfire la mwaka 1962 lilikuwa tayari linanyunyiza maji yaliyochanganywa na methanoli. Tatizo lilikuwa wateja, ambao walisahau kuyajaza.

Kilomita 32 za kwenye karatasi

Porsche 918 Spyder, gari la haibridi lenye nguvu za farasi 887, lilizunguka njia ya Nürburgring nchini Ujerumani mwaka 2013 kwa chini ya dakika 7. Matumizi yake rasmi ya mafuta barani Ulaya yaliandikwa lita 3.1 kwa kilomita 100, sawa na kilomita 32 kwa lita. Pikipiki nyingi zinafurahia namba hiyo!

Gari hilo lilikuwa linaanza kipimo betri ikiwa imejaa, na kanuni za Ulaya za wakati ule zilihesabu sehemu kubwa ya safari kana kwamba imekwenda kwa umeme. Wamarekani walipolipima likitumia petroli peke yake, walipata takriban kilomita 9.4 kwa lita, na kwa gari lenye farasi 887, nasema hiyo nayo ni ya kupigiwa makofi.

Kipimo hicho cha zamani cha Ulaya kilifanyika ndani ya maabara, gari likizungusha magurudumu juu ya ngoma za chuma kwa dakika 20 hivi, kilomita 11 tu, kwa wastani wa kilomita 34 kwa saa, kiyoyozi kimezimwa. Matokeo yake, pengo kati ya karatasi na barabara likazidi kupanuka. Baraza la Kimataifa la Usafiri Safi, ICCT, lililinganisha namba rasmi na matumizi ya madereva wenyewe barani Ulaya na kukuta pengo la takriban asilimia 9 mwaka 2001. Kufikia mwaka 2015 lilikuwa asilimia 42. Mwaka 2017 kikaanza kutumika kipimo kipya cha dakika 30, kilomita 23, na kasi inayofika 131 kwa saa, na namba za karatasini zikaanza kusogea karibu na ukweli.

Nairobi hewa ni nyepesi kwa asilimia 16

Jiji hilo liko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa asilimia 16 hivi. Gari lisilo na turbo linapoteza nguvu karibu kiasi hichohicho, kwa kuwa kila pumzi ya injini imepungua. Turbo inaziba pengo hilo kwa kuisukuma hewa ndani kwa nguvu, na huku nje upinzani wa hewa umepungua. Mwenye Subaru ya turbo kule Nairobi anafaidi pande zote mbili.

Ila kufika huko kuna gharama yake. Nilipiga hesabu ya gari la tani moja na nusu linalopanda kutoka Mombasa: kulinyanyua tu hadi kimo cha Nairobi, bila kuhesabu umbali wala upepo, kunagharimu takriban lita 3 za petroli. Kwenye safari ya kilomita 480 ni kiasi kidogo kuliko nilivyotarajia.

Formula 1 zilipata kilomita 2 kwa lita, na bado zilikuwa bingwa wa kubana

Tangu mwaka 2010 ni marufuku kujaza mafuta katikati ya mashindano ya Formula 1. Kuanzia mwaka 2019 kila gari liliruhusiwa kilo 110 za mafuta, kama lita 150, kwa mashindano ya kilomita 305 hivi. Kwa kasi zile, kilomita 2 kwa lita ni muujiza. Mwaka 2017 Mercedes walitangaza kwamba injini yao, pamoja na umeme wake, imevuka asilimia 50 kwenye mtambo wa majaribio: zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta inageuka kuwa nguvu ya kazi. Rudi kidogo utazame zile asilimia 12 hadi 30 za magari yetu.

Dizeli iliyoshinda kimyakimya

Mwaka 2006 Audi R10 TDI ilikuwa gari la kwanza la dizeli kushinda saa 24 za Le Mans. Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita moja ya petroli kwa asilimia 10 hivi au zaidi kidogo, na injini za dizeli huitumia vizuri zaidi. Katika mbio za siku nzima, kila mara unapopitiliza wakati mwenzako anasimama kujaza, umemwacha bila kuongeza mwendo hata kidogo.

Mita 19 kwa lita

Thrust SSC, gari la Uingereza lenye injini mbili za ndege ya kivita, lilivunja mwendo wa sauti katika jangwa la Nevada tarehe 15 Oktoba 1997 kwa kilomita 1,228 kwa saa, likiwa mikononi mwa rubani Andy Green. Lilikuwa linachoma takriban lita 18 kila sekunde.

Nyutro haiokoi mafuta mteremkoni

Wapo madereva ambao wakifika mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, wanaweka gari nyutro wakiamini wanaokoa mafuta. Kwa gari la kisasa lenye kompyuta, ni kinyume chake kabisa! Ukiliacha kwenye gia ukaondoa mguu, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta inakata mafuta kabisa: sifuri. Ukiweka nyutro, injini inabaki peke yake na inalazimika kunywa ili isizimike. Yaani anayeteremka na gia ndiye anayetumia mafuta pungufu, na injini inamsaidia kushika mwendo breki zisichemke. Laiti jambo hili lingebandikwa kwenye kila stendi ya mabasi.

Foleni ni kilomita sifuri kwa lita

Gari likiwa limesimama na injini inanguruma, linaweza kumaliza lita moja hadi mbili kwa saa, na zaidi kwa injini kubwa na kiyoyozi kikiwa kazini.

Kutoka 5 hadi 6 kunashinda kutoka 15 hadi 20

Nyumba moja ina magari mawili, yote yanakwenda kilomita 1,000 kwa mwezi. Kubwa linapata kilomita 5 kwa lita, dogo linapata 15. Fedha zipo za kubadilisha moja tu: la kubwa lipande hadi 6, au la dogo lipande hadi 20. Lipi lina faida? Karibu kila mtu anachagua la pili.

Hesabu inasema vingine. Kubwa likitoka 5 kwenda 6 linashuka kutoka lita 200 hadi 167, umeokoa 33. Dogo likitoka 15 kwenda 20 linashuka kutoka 67 hadi 50, umeokoa 17 tu. Watafiti Richard Larrick na Jack Soll wa Chuo Kikuu cha Duke walilieleza jambo hili katika jarida la Science mwaka 2008. Mtu anayelifanya gari lenye kiu kubwa liwe na kiu kidogo tu pungufu anaokoa kuliko anayelipamba gari ambalo tayari linanusa.

Farasi 1,020 kwenye lita 11

Tesla Model S Plaid ya mwaka 2021 ina nguvu za farasi 1,020, zaidi ya Veyron. Betri yake ina nishati ya kilowati-saa kama 100, sawa na nishati ya takriban lita 11 za petroli, na kwa akiba hiyo kipimo cha Marekani kinaipa zaidi ya kilomita 550. Injini ya umeme haitupi joto kama ya petroli, na ukifunga breki inarudisha sehemu ya nishati kwenye betri. Lakini hewa haibagui: ukiikimbiza hadi mwisho wa mwendo wake, nayo betri inashuka ukiiona kwa macho.

Namba ya dashibodi ni makadirio

Kompyuta ya gari haipimi mafuta uliyonunua. Inahesabu muda ambao nozeli zilikuwa wazi, kisha inakadiria kiasi kilichopita. Kipimo kilicho bora kuliko hicho hakihitaji kifaa chochote. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, sufurisha kilomita za safari, endesha kama siku zote, kisha rudi sheli ileile ujaze tena mpaka ikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizojaza. Kilomita 378 kwa lita 42 ni kilomita 9 kwa lita. Rudia kwa matangi matatu utafute wastani, na uiandike pembeni ya namba ya kiwandani kabla hujakubali gari lako lifunguliwe injini.